Haina Shida, Fundi, Kaza Tu Klachi

Pikipiki ikifika kwenye banda langu hapa Mikumi, mwenyewe huanza kuitetea hata kabla hajaiegesha. "Shikamoo fundi. Haina shida, kaza tu klachi." Nakaza waya wa klachi, naijaribu, gia namba mbili inachomoka palepale na injini inabaki ikilia bila kusukuma kitu. Namtazama dereva, naye ananiambia basi labda ni oili. Mwingine husema ni petroli ya kwenye chupa aliyojaza Zombo. Mwingine hulaumu barabara, na mwingine, kwa adabu zote, humlaumu fundi aliyeigusa mara ya mwisho. Zitatajwa sababu zote isipokuwa moja: kwamba gia ile ilitoka kiwandani ikiwa dhaifu, na kwamba karibu kila pikipiki ya chapa hiyo na toleo hilo inayopita mikononi mwangu huja na ugonjwa uleule.

Chapa yenyewe sitaitaja. Nikiitaja moja, wa chapa nyingine watacheka na kulala usingizi, wakati na wao wanayo ya kwao. Nimefungua injini za kutosha kujua kwamba hakuna kiwanda kilichokosa sehemu dhaifu. Ninachotaka kushuhudia hapa ni jinsi watu wanavyokaa na udhaifu huo, wanavyoujua kuliko mhandisi aliyechora mashine, na bado wasiutamke.

Kazi hii niliianza Kilosa mjini, nikiwa chini ya fundi mzee aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya reli, kisha nikahamia Mikumi. Barabara mbili ndizo zinazonilisha. Ya kwanza ni lami ya Dar es Salaam kwenda Iringa hadi Tunduma, inayokata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50. Huko hupita malori na mabasi, na bodaboda wa mjini hugombea abiria wanaoshuka. Ya pili ni njia ya kwenda Kilosa kupitia Ulaya, Zombo na Masanze, ambayo nimeijua ikiwa vumbi kiangazi na tope masika. Pikipiki ya njia hii hubeba magunia ya mahindi, mpunga wa Tindiga, mkaa, mgonjwa anayewahi zahanati. Pikipiki ya lami inaweza kuficha ubovu wake mwaka mzima. Ya njia ya Ulaya haiwezi, kwa sababu mzigo na kilima huidai kila siku.

Vijiweni chapa ni jambo zito. Kuna vijiwe ukipita unaona Boxer tupu, za Bajaj ya India. Ukienda kingine ni TVS, za India pia. Pembeni wako wenye za Kichina, SanLG, T-Better, Fekon, Kinglion, ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakisemwa na hao wawili na wenyewe wakijibu kwamba spea zao ni rahisi na zinapatikana hadi kijijini. Kijana akija na chapa ngeni ataulizwa maswali siku nzima. Wanabandika stika, wanapaka rangi tangi, wanashona viti vya rangi moja. Mtu akiwaona atasema huu ni ushabiki wa Simba na Yanga.

Mimi nasema sivyo, na ni hapa watu wengi wanapokosea kuwaelewa madereva. Shabiki wa Yanga timu yake ikifungwa hamsubiri mtu wa Simba aje kumwambia. Yeye mwenyewe anakaa kibarazani kuanzia asubuhi anamchambua golikipa, anamtukana beki, anataka kocha aondoke jioni hiyohiyo. Wa Simba ni hivyohivyo. Hao ni watu wanaozipenda klabu zao tangu miaka ya 1930 zilipoanzishwa, mapenzi yamerithiwa kutoka kwa babu, na bado ubovu wanausema kwa sauti. Mapenzi peke yake hayamfungi mtu mdomo. Kwa hiyo nilipokuwa nawaona madereva wangu wakikana gia ambayo mguu wao unaijua, nilianza kutafuta kitu kingine kinachowafunga.

Kwanza niieleze gia yenyewe, maana bila hiyo sitaeleweka. Gia za pikipiki huwa zimeshikana muda wote, zinazunguka pamoja. Kinachoamua ipi ifanye kazi ni meno manene ya ubavuni, ambayo husukumwa na uma wa gia yakaingia kwenye gia jirani na kuing'ang'ania. Kona za meno hayo zinatakiwa ziwe kali. Kama chuma hakikukomazwa vizuri kwa moto, au kona zilichongwa vibaya, zinaanza kulika zikawa za mviringo. Siku ya mzigo zinateleza, na gia inaruka nje. Hii si kasoro ya kukaza waya. Kuifikia inabidi injini ishushwe kwenye fremu, ipasuliwe katikati, ganda la kushoto na la kulia, itolewe shafti na kubadilishwa gia na uma wake. Ni kazi ya kulaza chombo bandani.

Na si kila gia inayochomoka ni kosa la kiwanda. Fundi anayesema hivyo ni mvivu. Injini ya pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa pistoni, klachi na gia. Ndiyo maana kopo la oili yake huwa na alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano hufanya pleti za klachi ziteleze, na dereva akitafuta unafuu akaimwaga humo, atalipa kwingine. Dereva wa namna hiyo namjua nikifungua tu: pleti zimeungua, harufu haifichiki, na gia zote zimechoka kwa pamoja. Lakini nikipasua injini nikakuta gia ya kwanza nzima, ya tatu nzima, ya nne nzima, na ya pili peke yake ndiyo imelika kona. Kisha nikapasua nyingine, ya dereva mwingine, wa njia nyingine, anayenunua oili duka jingine, nikakuta hivyohivyo. Na injini ya tatu ikaja kutoka Kidatu na hali ileile, hapo sina tena wa kumlaumu miongoni mwa wanaoiendesha. Ushahidi uko mezani, umelowa oili.

Ukitaka ushahidi mwingine nenda duka la spea. Mwenye duka hubishana na mtu yeyote kwamba chapa ile ni imara, lakini rafu yake inasema vingine. Gia namba mbili ameiweka mbele, pamoja na plagi na breki shuu, vitu vya kuuzwa kila siku. Gia ya tatu hata hana, ukiitaka anakuagizia Morogoro.

Na ukitaka ushahidi wa mwisho, mtazame dereva wa chapa hiyo akipanda kilima na abiria. Mguu wake wa kushoto haupumziki. Ameubana juu ya kipedali cha gia ili ile ya pili isitoke. Viatu vyao vya kushoto hulika upande ambao vya madereva wengine havilikii. Wengine wameacha kuitumia kabisa, wanatoka ya kwanza wanaruka moja kwa moja hadi ya tatu, na injini inakohoa kwa kukosa nguvu. Wageni kijiweni hufundishwa mbinu hiyo siku ya kwanza, na anayewafundisha atawaambia kwa uso mkavu kwamba ndiyo tabia ya mashine, haina shida.

Siku moja kijana mmoja wa njia ya Masanze aliniletea chombo chake jioni, wenzake wakiwa wameondoka. Nilimweleza nilichokiona. Hakubisha hata kidogo.

"Fundi, nakuomba hili lisitoke hapa."

"Wenzako wote kijiweni wanalo tatizo hilihili, mdogo wangu."

"Najua, tunajua wote. Lakini likitamkwa, mimi nikimaliza mkataba nitaiuza kwa nani?"

Maneno yake yalinifumbua macho kuliko injini zote nilizopasua. Yule kijana alikuwa kwenye mkataba. Kwa wasioijua biashara hii: tajiri ananunua pikipiki, anampa dereva, dereva anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka na zaidi, na akimaliza chombo kinakuwa chake. Matengenezo yote ni ya dereva. Siku pikipiki inapolala kwa fundi hesabu hailali. Kwa hiyo gia ikifa, dereva anapoteza mara tatu kwa mkupuo mmoja: kipato cha siku hizo, pesa ya spea na ufundi, na hesabu anayodaiwa. Mpango wake wote wa maisha ni kwamba siku ya kumaliza mkataba atakiuza chombo, ataongeza kidogo, atanunua kipya, au ataanza ujenzi. Bei ya pikipiki iliyotumika inasimama juu ya sifa ya chapa. Sifa ikianguka kijiweni, inaanguka kwa wote, hata kwa ambaye gia yake bado nzima. Kukubali kasoro mbele ya watu ni kuwakata wenzako mtaji.

Na tajiri naye usimwone yuko salama. Matajiri wengi ninaowafahamu ni walimu, manesi, wafanyabiashara wadogo waliokopa ili wanunue pikipiki mbili au tatu. Mkopo unakatwa kila mwezi. Naye akiambiwa chapa aliyoichagua ina kasoro atakasirika, atasema madereva wa siku hizi hawajui kuendesha. Deni limepangana kama ngazi kuanzia kijiweni hadi benki, na kila aliye kwenye ngazi hiyo ana sababu ya kutaka mashine isemwe vizuri.

Anayeumia ni mtu wa nje ya ngazi, yaani mnunuzi anayekuja na pesa taslimu. Nimeona jinsi anavyojaribishiwa. Muuzaji anamweka nyuma, anaendesha mwenyewe kwenye lami tambarare, anatoka ya kwanza anaingia ya tatu, upepo mzuri, injini tulivu, wanarudi wanakubaliana bei. Mkulima aliyeuza ufuta wake Kilosa anarudi kijijini na chombo, na kasoro anaijua siku ya kwanza ya gunia na kilima. Abiria ndiye wa pili. Gia inayochomoka katikati ya mlima, nyuma kukiwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni, si jambo la kuitwa tabia. Pikipiki inapoteza nguvu ghafla na kuanza kurudi kinyumenyume, dereva anatafuta breki na gia kwa wakati mmoja. Walioanguka hivyo, pikipiki zao zimeletwa bandani kwangu baada ya wenyewe kupelekwa hospitali. Hili ndilo linalonikera, na ndilo lililonifanya niandike.

Ukimya huu una hasara nyingine ambayo vijiwe havijaifikiria. Kiwanda hakisikii. Wakala anauza, anahesabu mauzo, anaona gia namba mbili zinanunuliwa sana na kufurahia biashara ya spea. Hakuna anayeandika kwamba toleo hili lina tatizo hili. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lipo tangu 1975, lakini malalamiko ya kijiwe cha Ulaya hayawezi kulifikia kama kijiwe chenyewe kinakula kiapo kwamba hakuna la kulalamikia.

Nawaambia vijana habari ya Honda, kwa sababu inawahusu kuliko wanavyojua. Miaka ya 1970 Honda walikuwa na pikipiki nzuri ya 125 yenye kamshafti juu kwenye silinda hedi. Ilipofika nchi zenye barabara na vipato kama vyetu, ilichoka mapema, kwa sababu waendeshaji walikaa muda mrefu bila kubadili oili na walibeba mizigo mizito. Kiwanda kingeweza kusema kosa ni la watumiaji, na kwa kweli kitabu cha mwongozo kingekiunga mkono. Badala yake waliwatuma wahandisi wakaangalie wenyewe jinsi watu wanavyotumia chombo, kisha wakachora injini nyingine, yenye vijiti vya kusukuma valvu kutoka chini, inayovumilia oili chafu, na cheni iliyofunikwa isile vumbi. Hiyo ndiyo CG125, iliyotoka 1976. Viwanda vya China viliiga injini ile kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa Kilosa ni wajukuu zake. Kijana mwenye mojawapo ya hizo anayeapa kwamba mashine yake haina dosari amekalia chombo kilichotokana na kiwanda kukiri kwamba mashine yake ya kwanza haikufaa.

Wa magari nao nawapa ya Toyota. Hapa barabarani ukisema Toyota ina kasoro utaonekana huna akili. Lakini mwaka 2009 na 2010 Toyota yenyewe iliita mamilioni ya magari yarudi kutengenezwa kwa sababu ya pedali za mafuta na mazulia ya sakafuni yaliyozikwamisha. Tarehe 24 Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi na rais wa kampuni wakati huo, alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaomba radhi. Kampuni haikufa. Imebaki miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa duniani, na walioipenda wanaipenda bado. Mashabiki wetu wanamkinga mtu ambaye mwenyewe alishasema kosa lake hadharani.

Kuna kundi moja la mashabiki ninaloliheshimu sana, nalo ni la wenye Land Rover za zamani. Gari lile lilianza 1948, bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha kugawiwa, na muundo ule wa kale ulikoma kutengenezwa Januari 2016. Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa mamia, msururu mrefu, wakishangilia vyuma vya umri wa baba zao. Hakuna ushabiki unaozidi huo. Lakini kaa na mwenye Land Rover popote duniani dakika chache, yeye mwenyewe atakueleza kwamba inavuja oili, kwamba mvua inaingia mlangoni, kwamba ekseli za zile za kale zilijulikana kwa kukatika. Atakueleza kwa mapenzi, akikuonyesha na namna ya kuitengeneza. Wengi wao walishamaliza kuyalipia magari hayo zamani, hawana mpango wa kuyauza, hakuna anayekuja jioni kudai hesabu. Mtu wa namna hiyo kasoro ya chombo chake haimtishi chochote, na ujuzi wake unatoka mdomoni ukawafaa wenzake.

Kwa hiyo nimeacha kuwahubiria madereva wawe wakweli. Ni vijana waaminifu. Wengi wao wameniachia bandani simu na pesa za abiria waliosahau, tukawatafuta wenyewe. Nazungumza na matajiri.

Mama mmoja mfanyabiashara wa mpunga wa Kilosa, mwenye pikipiki kadhaa kwenye mikataba, alinisikiliza na kubadili karatasi yake. Ameandika kwamba matairi, breki, cheni, oili na ajali ni vya dereva kama kawaida. Ubovu wa ndani ya injini ni wake yeye mwenye chombo, mradi injini ifunguliwe mbele ya dereva na yeye au mtu wake, na fundi aonyeshe kwamba haukutokana na kukosa oili au kuweka oili isiyofaa. Siku za matengenezo hayo hazina hesabu. Ameongeza kwamba kila spea ya ndani inayobadilishwa iandikwe kwenye daftari la chombo, na daftari litaambatana nacho siku kikiuzwa.

Aliogopa kwamba madereva wangemfilisi kwa kudai kila kitu ni injini. Haikuwa hivyo. Kilichobadilika ni kwamba vijana wake wanakuja mapema. Wanafika na kusema, "Fundi, gia ya pili imeanza kuchomoka, jana nimeisikia mara mbili pale Masanze," meno yakiwa yamelika kidogo tu na uma haujapinda, na gharama inakuwa ndogo kuliko ya wale wanaokuja baada ya miezi ya kuibana kwa mguu. Wanaitaja chapa na kasoro yake kijiweni mbele za watu, na bado ndiyo chapa wanayoipenda. Mmoja ameshauza yake kwa mkulima wa Rudewa na daftari mkononi, ikionekana humo kwamba gia na uma vimebadilishwa, na mnunuzi hakupunguza bei. Alisema afadhali iliyokwisha kutengenezwa.

Sasa nakusanya kwa mafundi wenzangu wa Kilosa, Kidatu na Ruaha orodha ya toleo kwa toleo: kifaa gani kinakufa, kikiwa kimetembea umbali gani, kwa mzigo gani. Tukishaijaza vya kutosha tutaipeleka kwa wakala wa kila chapa Morogoro, na nakala TBS. Karatasi ya mkataba wa yule mama ni ukurasa mmoja wa kuandikwa kwa mkono. Tajiri yeyote anayeitaka aje bandani, mwenyewe ameniruhusu kuitoa.